Mawe ya Radi, Mavi ya Chuma na Kimondo: Safari ya Juni kutoka Mbeya hadi Ivuna

Jumamosi, Mbeya mjini

Baridi ya Juni hapa Mbeya haina adabu. Saa nne asubuhi watu bado wamejifunika vitenge mabegani, na wauza chai wa Mwanjelwa hawapati nafasi ya kukaa. Shule zimefungwa, mitihani nimeshasahihisha, na nyumbani kuna ndoo iliyojaa mawe ambayo mke wangu anataka yatoke. Mawe hayo yameletwa na somo moja la jiografia kuhusu mfumo wa jua. Niliwaambia wanafunzi kwamba kimondo kikubwa kuliko vyote nchini kipo mkoa jirani wa Songwe, na kwamba huenda vingine vimelala mashambani bila kujulikana. Basi, kuanzia siku ile kila jiwe zito likawa kimondo. Wazazi wakafuata, na baada yao wajomba wa wazazi.

Ubaya wa ndoo ni kwamba jiwe likishatupwa humo limepoteza nusu ya habari zake. Liliokotwa juu ya ardhi au lilifukuliwa? Majirani zake yalikuwa mawe gani? Karibu na hapo kuna gereji, reli, tanuri la zamani? Jiwe jeusi katikati ya mawe meusi halimshangazi mtu. Jiwe hilohilo likiokotwa kwenye mbuga ya udongo mtupu, ambako mlima uko mbali, lazima litafutiwe maelezo. Ndiyo maana safari hii nawafuata waokotaji kwao.

Dereva ni shemeji yangu, na gari ni Noah yake. Sharti lake ni moja: tukipata kimondo, wa kutaja bei ni yeye.

Vifaa vyetu si vya maabara. Mizani ndogo ya kupimia dhahabu nimeazima. Kigae cha ukutani nimepewa na fundi, nami nitatumia mgongo wake, upande usiong'aa, kusugulia jiwe nione linaacha mstari wa rangi gani. Kuna tupa, msasa, lenzi ya mkononi, uzi, na chupa ya maji iliyokatwa shingo. Kuhusu sumaku tulibishana. Shemeji alitaka tubebe ile kali iliyotoka ndani ya kompyuta mbovu, nikakataa. Vimondo vingine hubeba ndani yake kumbukumbu ya usumaku wa tangu mfumo wa jua ulipokuwa mchanga, na sumaku kali ikiguswa tu inaifuta kumbukumbu hiyo moja kwa moja. Watafiti wamelalamika kwamba mawe mengi ya thamani yameharibiwa hivyo na wafanyabiashara kabla ya kufika maabara. Nimevunja kipande kidogo cha sumaku ya spika na kukifunga kwenye uzi. Unakining'iniza karibu na jiwe bila kuligusa, unaangalia kama uzi utainama. Inatosha.

Jumapili, Tukuyu

Tumeanza na upande ambao nilijua hatutapata kitu. Rungwe yote ni nchi ya volkano: mlima wenyewe wa mita 2,960, ziwa la Ngozi ndani ya shimo la volkano yake yenyewe, na Kyejo uliomwaga lava karibu mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu za milima. Pale Daraja la Mungu mto Kiwira unapita chini ya lava iliyoganda. Ukiokota jiwe la ajabu hapa, mtuhumiwa wa kwanza yuko chini ya miguu yako.

Mzee aliyetuita alitukaribisha kwa maziwa na ndizi za kuchemsha, kisha akaleta mawe matatu yaliyofungwa kwenye kanga. Alisema ni mawe ya radi. Radi ilipiga mti nyuma ya nyumba, na alipochimba shinani akayakuta. Sikubisha habari ya radi. Mti niliuona, na umepasuka kweli.

Mawili yalikuwa na matundu kila upande, mepesi, ya rangi ya kahawia iliyoiva. Hayo ni mawe ya volkano yaliyojaa mapovu ya gesi yakiwa bado uji. Na hapa ndipo mtu anaweza kuondoa robo tatu ya mawe bila hata kutoa kifaa mfukoni: likiwa na matundu ya mapovu, karibu kila mara si kimondo. Watu wanadhani matundu ni dalili ya kuungua. Kimondo kinachopita angani huungua kwa nje tu, kwa sekunde chache, na ngozi iliyoyeyuka hupeperushwa. Kinachobaki ni gamba jeusi jembamba, mara nyingi chini ya milimita moja, na ndani jiwe linabaki lilivyokuwa.

La tatu lilikuwa zito na jeusi. Uzi uliinama kidogo. Nililipaka kwenye mgongo wa kigae, halikuacha rangi ya maana. Lakini nilipolitazama kwa lenzi pale lilipovunjika nikaona vipande vya madini ya kijani, na umbo zima lilikuwa sawa na mawe aliyojengea msingi wa banda la ng'ombe. Nilimwonyesha msingi huo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo radi ilichimba tu," akasema.

"Ilikuchimbia, mzee."

Aliniuliza swali zuri kuliko maswali mengi ya darasani: je, kimondo kikianguka usiku, nyasi si zingeungua? Kumbe sivyo. Jiwe likishapunguzwa kasi na hewa, moto wake huzimika likiwa bado kilomita nyingi juu, na safari iliyobaki linaanguka gizani. Likifika chini mara nyingi ni la uvuguvugu au baridi. Nikamsimulia habari ya Mbale, Uganda: tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya angani iliangukia mji na vitongoji vyake, na kipande cha gramu 3.6 kilipita kwenye jani la mgomba kabla ya kumgonga mtoto kichwani. Hakuumia. Mzee aliitazama migomba yake kwa muda, akasema hata yeye akipata la namna hiyo hatolifunga kwenye kanga, ataliweka kabatini. Ndaga fijo, mzee, ndiyo asante sana ya Kinyakyusa.

Jumatatu, Mbozi

Siku ya kwenda kwa mwenyewe, kimondo cha Mbozi. Unaacha barabara kuu ya Tunduma, unaingia vumbi, unapita mashamba ya kahawa ambayo sasa yamewiva mekundu, mpaka kijiji cha Ndolezi na mteremko wa kilima cha Marengi. Siku hizi kipo chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kuna jengo la wageni. Unalipa, unaandika jina, unashuka.

Kimekaa juu ya nguzo ya saruji. Nguzo hiyo ina kisa chake. Kilipoonekana na wageni mwaka 1930 kilikuwa kimefukiwa sehemu kubwa. Wakachimba mtaro kukizunguka na kuacha nguzo ya udongo chini yake, halafu nguzo ikajengewa. Kwa hiyo kimondo chenyewe hakijanyanyuliwa. Ardhi ndiyo iliyoondolewa. Kina urefu wa zaidi ya mita 3. Uzito umekuwa ukitajwa tani 12, na wengine wanakadiria tani 16. Hakuna aliyekiweka kwenye mizani, na sijui nani angethubutu.

Wageni huandika kwamba kiligunduliwa mwaka huo na mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wanakijua vizazi kabla yake, wakanyamaza kwa sababu kilikuwa na miiko. Mimi naona walifanya vizuri. Angalia kilichofuata: kwenye ncha yake kuna sehemu iliyokatwa kwa msumeno, na pembeni kuna michubuko ya watu waliojaribu kuondoka na ukumbusho. Chuma hicho hakikatiki kirahisi, vinginevyo kingekuwa kimeisha.

Nilikaa karibu saa nzima nikikiangalia kwa mpangilio uleule ninaotumia kwa mawe ya ndooni, maana ni vizuri kuona mtihani ukifanywa na anayejua majibu. Mapovu: hakuna hata moja. Umbo: hakina pembe kali, ni mabonde mabonde yaliyolainika, kama mtu aliyebonyeza unga wa ugali kwa kidole gumba akahamisha kidole, akabonyeza tena. Mabonde hayo huchongwa na hewa ya moto wakati wa kushuka, ingawa kwa hiki kutu ya miaka mingi nayo imeongeza kazi yake. Rangi: kahawia ya kutu kwa nje, na pale palipokatwa ni chuma cheupe kinachong'aa. Uzi wangu haukuinama tu, ulirukia.

Ndani yake ni takriban asilimia 90 chuma na zaidi kidogo ya asilimia 8 nikeli. Hiyo nikeli ndiyo inayomaliza ubishi. Chuma cha duniani, kiwe cha mlimani au cha tanurini, kwa kawaida hakina nikeli ya kiasi hicho. Kimondo cha chuma kikikatwa, kikasuguliwa na kupakwa tindikali, mara nyingi huonyesha michirizi inayokatizana, kwa sababu chuma chenye nikeli kidogo na chenye nikeli nyingi vilitengana polepole wakati kiini cha sayari ndogo kikipoa kwa mamilioni ya miaka. Hakuna kiwanda kinachoweza kuiga subira hiyo. Cha Mbozi kina utata wa ziada: wataalamu wamekiweka peke yake, hakiingii katika kundi lolote la vimondo vya chuma vinavyofahamika. Kwenye orodha za kimataifa ukikitafuta, andika Mbosi, ndivyo walivyokiandika zamani.

Hakuna shimo. Kila mgeni anauliza shimo liko wapi, na leo waliuliza wawili nikiwa nimesimama pale. Kilianguka zamani sana, na mvua, udongo na mizizi vimelifuta.

Shemeji alikizunguka mara kadhaa, kisha akauliza kwa sauti ya chini kilo moja ni shilingi ngapi. Nilimwonyesha mlinzi.

Jumanne, mashamba ya kahawa

Hii ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote, na hatukuona kimondo.

Kilomita chache kutoka Ndolezi kuna mama mmoja ambaye mwanawe aliniletea picha shuleni. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni, kaeni." Jiwe lilikuwa linazuia mlango wa stoo ya mahindi. Lina ukubwa wa kichwa cha mtoto, jeusi, upande mmoja unang'aa, na lina uzito wa kumfanya shemeji aanze kutabasamu. Mama alisema yako mengi, jembe linayagonga kila msimu upande wa chini wa shamba, karibu na kichuguu.

Neno "mengi" liliniambia karibu kila kitu. Vimondo huweza kuanguka kwa wingi, ndiyo, lakini mawe meusi yanayong'aa, yaliyorundikana sehemu moja yenye udongo mwekundu ulioungua, yana baba mwingine.

Nililigeuza. Juu kulikuwa na mikunjo ya kitu kilichotiririka kikaganda, uji juu ya uji. Pembeni matundu. Uzi uliinama, lakini sehemu moja tu, penye punje ya chuma iliyonaswa ndani. Halafu upande wa chini nikaona kitu ambacho tangu jana nilikuwa nakitamani bila kujua: alama ya mkaa. Kipande cha mti kilichoungua kilikuwa kimelala pale wakati uji unaganda, mkaa ukaoza baadaye, ukaacha chapa yake. Kwa lenzi mistari ya mti ilionekana moja moja, hata duara za kukua kwake. Mama aliomba lenzi, akatazama kwa jicho moja, akamwita binti yake naye atazame.

Ni mavi ya chuma. Wanyiha walikuwa wanayeyusha chuma katika nchi hii, na Wafipa upande wa Rukwa walijenga matanuri marefu kumzidi mtu. Mawe yenye chuma yalichanganywa na mkaa ndani ya tanuri la udongo, uchafu ukayeyuka na kutiririka, na chuma kikabaki kwa wahunzi, kikawa majembe na mikuki. Majembe ya kuletwa kutoka nje yaliwaharibia soko, matanuri yakabomoka, na mavi ya chuma yakabaki shambani yakisubiri kuitwa vimondo.

Mama alikumbuka kwamba bibi ya mume wake alisema upande ule hapajengwi nyumba, bila kueleza sababu. Nilimwomba asiruhusu mtu kuchimba kichuguu kile, maana huenda si kichuguu. Nitawaandikia watu wa mambo ya kale. Bomba la udongo la kupulizia moto likipatikana hapo, litakuwa na maana kubwa. Alikubali, lakini jiwe la mlangoni alisema halitoki, panya watarudi.

Mchana tulitembelea nyumba nyingine tatu. Kwanza, jiwe jekundu zito lililoacha mstari wa rangi ya matofali kwenye kigae: hematiti, madini ya chuma ya kawaida. Pili, kioo cha chupa kilichoyeyuka kwenye jaa. Tatu, kokoto nyeupe ya kwatzi, na kwatzi ya kuonekana kwa macho haipo kwenye vimondo. Hapo hatukunywa hata chai.

Jumatano, kushuka Ivuna

Barabara inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, na kwa kila kona unavua nguo moja. Huku chini, kusini mwa Ziwa Rukwa, koti la Mbeya ni mzigo. Nchi ni tambarare, mbuga ya udongo mweusi uliopasukapasuka, mibuyu, na mifugo ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Chumvi ya Ivuna imekaushwa hapa kwa karne nyingi, na wanaakiolojia waliwahi kuchimba kwenye marundo yake miaka ya 1960.

Jina la Ivuna linajulikana Tokyo na London kuliko Dar es Salaam. Tarehe 16 Desemba 1938, jioni, jiwe liliangukia huku, na kilichookotwa ni kama gramu 705. Si kitu: hakijai mikono miwili. Lakini jiwe hilo limewapa wanasayansi jina la kundi zima. Wakisema kundi la CI, herufi ya pili ni Ivuna. Ni vimondo adimu mno, vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu duniani, na cha Orgueil, Ufaransa, cha mwaka 1864 ndicho kikubwa chao. Ukiondoa gesi kama hidrojeni na heli, mchanganyiko wa elementi zake unalingana na wa jua lenyewe. Kwa hiyo mtu akitaka kujua mfumo wa jua ulipikwa kwa viungo gani miaka bilioni 4.56 iliyopita, anakuja kwenye jiwe la Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za vumbi la sayari ndogo Ryugu Desemba 2020, vipimo vikaonyesha zinafanana na kundi hili kuliko jingine lolote.

Sasa njoo na mkoba wangu wa vifaa. Jiwe la Ivuna ni jepesi kuliko mawe mengi ya barabarani. Ni jeusi, laini, linaacha masizi mkononi. Halina punje za chuma za kung'aa ukilipiga tupa. Limejaa madini ya udongo yenye maji ndani yake, na likilowa mvua chache linavunjika na kurudi kuwa matope. Mtu akiniletea shuleni, kwa vipimo vyangu vyote ningemwambia ni udongo uliokauka, apeleke kwa mfinyanzi. Lilipona kwa sababu moja: lilionekana likianguka, na likaokotwa mapema. Ushahidi wa macho ulifanya kazi ambayo sumaku, mizani na kigae visingeiweza. Kipande kikubwa kilizunguka mikononi mwa wakusanyaji, na mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yakakinunua kutoka Marekani. Wanakihifadhi ndani ya gesi ya nitrojeni ili hewa yetu isikiguse.

Ndiyo maana nawaambia watu: mkiona moto umepita angani na kusikia ngurumo, kabla hamjakimbilia jiwe, andikeni saa, upande ulikotoka, upande ulikoelekea, na nani mwingine ameona. Na jiwe lisioshwe! Hapa kwetu mtu akiokota kitu cha maana, cha kwanza ni kukipeleka bombani.

Jioni, kwa mwenyekiti wa kitongoji, alikuja mfugaji wa makamo na kijana wake. Kijana alikuwa ameokota jiwe kiangazi kilichopita akichunga, mbugani, mahali ambapo kila masika maji yanasimama. Nilimuuliza kulikuwa na mawe gani mengine hapo. Akanitazama kana kwamba sijasikia vizuri.

"Mwalimu, kule hakuna mawe. Hata la kuwinga ndege unalibeba kutoka nyumbani."

Nikaacha chai.

Jiwe ni la ukubwa wa ngumi, limeviringika pembe, ngozi nyeusi iliyofifia kuwa kahawia, na sehemu moja ngozi imebanduka kuonyesha ndani pa kijivu. Mapovu hakuna. Kwenye kigae, mstari hafifu tu. Uzi uliinama, si kwa nguvu ile ya Mbozi, bali sawasawa kila upande. Mizani: gramu 412. Kwa ujazo, niliweka chupa ya maji juu ya mizani, nikairudisha sifuri, nikaling'iniza jiwe ndani ya maji kwa uzi bila kugusa chini. Mizani ikasoma 117, na hiyo ndiyo sentimita za ujazo. Gawanya: 3.52. Basalti ya Rungwe inacheza chini ya 3 au 3 na kidogo. Magnetiti inapita 5. Vimondo vya mawe vya kawaida vinaangukia kati ya 3.3 na 3.7, navyo ndivyo vinavyoanguka zaidi. Zaidi ya tisa katika kila vimondo kumi ni vya mawe, si vya chuma.

Nilimwomba ruhusa kupiga tupa kidogo pale palipobanduka. Akasema piga. Ndani ya kijivu zikatokea nukta za chuma cheupe, ndogo kuliko mbegu za mchicha, zimetawanyika.

Sikusema ni kimondo. Nilisema linastahili kwenda mbele. Mfugaji hakunijua mimi wala babu yangu, kwa hiyo tuliandikishana mbele ya mwenyekiti: uzito, picha tatu pamoja na rula, mahali lilipookotwa kwa namba za ramani ya simu, na tarehe ya kulirudisha. Muhuri ukagongwa. Shemeji alikuwa kimya mpaka tumelala.

Alhamisi

Barabarani, kupanda. Tairi moja. Mbeya usiku.

Ijumaa, Chunya

Tulipita juu ya milima kwenye ukungu, tukateremka tena kwenye joto. Chunya ni mji wa dhahabu tangu miaka ya 1920, na siku hizi una soko la madini. Tulichofuata ni mashine ya mkononi ya mionzi ambayo wanunuzi wanailenga kwenye madini na kusoma yaliyomo kwa sekunde chache. Mfanyabiashara mmoja alikubali kutusaidia kwa bei ya soda na kwa udadisi.

Habari zikatutangulia. Kabla hatujafungua mkoba walishakuja watu wanne na "vimondo" vyao. Cha kwanza kilikuwa duara zito lenye kutu, na mwenyewe aliapa limetoka angani. Mashine ikasoma chuma na kromu nyingi, nikeli karibu hakuna. Mzee wa karasha aliyekuwa amesimama nyuma akacheka: ni golori ya kinu cha kusagia mawe, imelika. Cha pili kililetwa na kijana aliyesema ndugu yake amekitoa Ludewa, na kwamba kuna mnunuzi Dar anayengoja kwa mamilioni. Jiwe jeusi, zito, likarukia sumaku. Mashine: chuma, titani nyingi, vanadi kidogo, nikeli hakuna. Hiyo ndiyo tabia ya mawe ya chuma ya Liganga, huko huko Ludewa. Ni mali ya taifa kwa mamilioni ya tani, si kimondo. Kuhusu mnunuzi wa Dar nilimwambia yuko kwenye familia moja na wale matapeli wa rupia za Kijerumani na zebaki nyekundu: hununua kwa maneno, kisha hukuomba wewe utangulize hela ya kibali. Hakupenda.

La mbugani tukalipima mwisho, pale palipopigwa tupa. Chuma kwa wingi, magnesi, silika, kromu kidogo, na nikeli asilimia 1.2. Tukapima tena upande mwingine: 1.3. Kiasi hicho kinaendana na vimondo vya mawe vya kawaida. Bado hakijathibitisha, kwani yako mawe ya duniani yenye nikeli, na Kabanga kule Ngara kuna mgodi mzima unaoisubiri. Anayethibitisha ni mtu mwenye kipande chembamba chini ya hadubini, akitafuta kondruli, vile vitone vya duara vilivyoganda angani kabla dunia haijakuwepo. Kwa hiyo jiwe linakwenda Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, likiwa kwenye karatasi kavu na si mfuko wa plastiki unaotoa jasho, na nakala ya karatasi yenye muhuri pembeni.

Nilimpigia mfugaji kumweleza linalofuata. Likikubalika, haliandikishwi bila sampuli kubaki katika taasisi ya utafiti: gramu 20, au asilimia 20 kama jiwe ni dogo. Kwake ni gramu 20. Bei? Nikamwambia ukweli, shemeji akiwa ameziba masikio: vimondo vya mawe vya kawaida haviikaribii dhahabu kwa gramu. Hakuonekana kujali sana. Kilichomkera ni pale niliposema huwa vinapewa jina la mahali vilipookotwa, na kwamba Ivuna tayari imeshachukuliwa.

"Ivuna?" akasema. "Mwalimu, pale si Ivuna. Ivuna ni huku kwenye chumvi. Kule mbugani pana jina lake, na mwenyekiti analijua. Waambie hao wa Dodoma wasiandike chochote mpaka wanipigie mimi."

Nikamwomba alitaje jina lile polepole, herufi kwa herufi, nikaliandika nyuma ya karatasi yenye muhuri.